Kiziwi Anakula

Ros Dubh, Konamara
12 Novemba 1893

Kwa mwanangu mpendwa Delia,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mumeo Festus, na kwamba huko Boston mnakula kabla ya kwenda kazini. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto limeanza kutabiri mvua, na kwa kuwa hapa mvua hunyesha kila siku, halijawahi kukosea.

Sasa kaa chini. Mwanao Sorcha aliugua. Sikukuandikia wakati ule kwa sababu barua ingekufikia mambo yameshaamuliwa, ukalia juu ya habari iliyochacha. Ilikuwa ile homa ya vipele vyekundu. Ilipita nyumba hadi nyumba kama wakala wa mwenye ardhi anayedai kodi, na kwa jirani ilichukua watoto. Kwetu haikuchukua. Amepona, anatembea, anakula viazi kama mchimba mitaro. Ila tangu atoke kitandani hasemi, na ule wimbo wa mbuzi uliomfundisha haimbi tena. Nikimwita hageuki. Nadhani homa imeacha kitu masikioni. Nampa muda.

Mama mkwe wako Honora alikuja kumwona. Alisimama mlangoni, akamtazama sana, akasema, "Amekuwa mzuri." Basi. Hakumalizia na "Mungu ambariki." Unajua kwetu kumsifu mtoto bila kumtaja Mungu ni kuacha lango la zizi wazi ili wale wa kilimani, wasio binadamu, waingie kumwiba, wale tunaowaita watu wema wasije wakatusikia tukisema vingine. Nikamalizia mimi, kwa sauti. Akasema alisahau. Honora hajasahau kitu tangu azaliwe, isipokuwa kurudisha chungu changu.

Usihangaike. Nimekuandikia ili usikie kwangu kwanza.

Mama yako,
Sabina


Boston
10 Desemba 1893

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na kuliombea goti lako. Sisi wazima. Festus yuko bandarini anapakua meli, mimi nipo kwenye nyumba ya watu, nasugua ngazi ambazo hazichafuki.

Mama, barua ya Honora ilitangulia yako. Amesema ambayo wewe hukuyasema. Kwamba macho ya Sorcha yamezeeka. Kwamba anakaa kizingitini akitazama kilima, na siku moja aliuchekea upepo. Kwamba anakula na hanenepi. Festus aliisoma, akaiweka mezani, akaenda kusimama kwenye theluji bila koti, mpaka nikamfuata nalo. Shangazi yake anayekaa nasi alisema neno moja tu: "Siye."

Sorcha wangu alikuwa akiimba akila, akiimba akisinzia. Siku ya safari nilimwacha gatini anaimba. Hiki kilichopo kwako hakiimbi, hakiitiki jina, kinakula na kunyamaza. Wewe mwenyewe ulinisimulia, Mama: wanachukua anayeimba, wanaacha kinachokula. Nimemwota. Yuko ndani ya kilima anaimba, na mimi niko nje nakwaruza udongo kwa kucha.

Mruhusu Mzee Beartla, yule mganga anayewajua wale wa kilimani, akipe dawa yake. Akiulize jina mara tatu kwenye moto, kama ilivyo desturi. Kikiondoka, wangu atarudishwa mlangoni. Nakuomba kama mwanao.

Binti yako,
Delia


Ros Dubh
8 Januari 1894

Kwa Delia,

Salamu. Mimi mzima. Mtoto mzima.

Niliisoma barua yako, nikaiweka chini ya chungu, nikaenda kukamua, nikarudi kuisoma tena. Nilitaka kosa liwe langu. Kusoma nilijifundisha mwenyewe kwa karatasi za kufungia majani ya chai, na huenda kuna herufi zilinipita. Hazikunipita. Umeandika "kinakula."

Delia, kiti hakili. Kikapu hakili. Kiziwi anakula. Litazame neno hilo: linaanza na ki, na bado hata mlevi husema kiziwi anakula, kipofu amekuja, kilema amelala. Na usiniambie ulikuwa unadekeza, kitoto changu kinakula. Nimedekeza watoto, nakujua kudekeza. Wewe umesema kama mtu anayenyooshea kidole kitu kilicholetwa na maji ufukweni. Kwanza humtoa mtu kwenye neno, halafu ndipo humtoa kwenye nyumba.

Mwanao ni kiziwi. Nilisimama nyuma yake nikapiga sufuria kwa koleo la chuma. Paka alipanda darini na mpaka leo haniamini. Sorcha aliendelea kumenya kiazi. Hiyo ndiyo siri yote ya watu wema. Na ule upepo aliouchekea ulikuwa suruali ya Beartla ikipigana na kamba ya nguo. Hata mimi nilicheka.

Unasema nilikusimulia. Nilikusimulia. Uliipenda ile ya mke wa mhunzi aliyechemsha maji kwenye maganda ya mayai, mpaka kile kitu kitandani kikashangaa, kikacheka kwa sauti ya kizee, kikatokomea kwenye bomba la moshi, na mwanawe akabisha hodi. Hapo ulikuwa unapiga makofi. Sasa sikia iliyo chini yake, maana hiyo ilijengwa juu ya nyingine kama nyumba juu ya kaburi.

Mama yangu mdogo alikuwa na mtoto, Colman. Hakutembea, na shingo yake haikukaza. Wakasema siye. Wakamnywesha majani ya lile ua la zambarau lenye umbo la kidole, moyo ukamruka kutwa nzima. Kisha wakamweka juu ya beleshi, wakalishikilia juu ya moto wa mboji iliyokaushwa, wakamuuliza jina lake. Hakuwa na ulimi wa kujibu. Mimi nilikuwa mdogo, nimetumwa maji, nikarudi wakiwa bado wanauliza. Baadaye wakasema kile kitu kimekwenda zake. Kilichobaki wakakizika penye mti wa miiba, bila msalaba. Nilikiona, Delia. Kilikuwa na kucha, na mama mdogo alikuwa amezikata Jumapili.

Colman mwingine hakubisha hodi. Mama mdogo alimngojea mlango wazi baridi nzima, mpaka kuku wakafa. Ndipo wanawake wakaanza kumsimulia habari ya maganda ya mayai. Wakatia kicheko, wakatia mtoto aliyerudi, ili mwenzao apate usingizi. Mimi niliipokea ikiwa imeshaoshwa, nikakupa wewe. Nilikupa ganda. Sasa umeona kilichokuwa ndani.

Beartla hapiti mlango wangu.

Mama yako,
Sabina


Boston
2 Februari 1894

Mama,

Sisi wazima.

Umenitukana kwa herufi moja, na mimi nitakujibu kwa chache. Hadithi hizo ulinilisha pamoja na uji. Sasa nimeshakua nazo mifupani, unaniambia ilikuwa sumu, na unanicheka kwa kuwa naumwa tumbo. Ulinilea nikitazama kilima. Usishangae nikikitazama.

Wewe una mtu wa kumshika mkono hapo. Mimi huku nina ngazi. Kama Sorcha yuko kilimani, anaweza kurudi. Kama ni huyo uliye naye, basi ule wimbo umekufa, na ulikufa mimi sipo. Unataka nichague lipi?

Festus amemwandikia mama yake. Baba ndiye mwenye neno, wewe ulisema hivyo siku ya harusi yangu. Watakuja kabla ya Mei. Usizuie mlango.

Binti yako,
Delia


Ros Dubh
27 Mei 1894

Delia,

Sikusalimu. Barua yako sikuijibu kwa sababu nilikuwa nazuia mlango.

Walikuja asubuhi, mkesha wa Mei mosi: Honora, shemeji yako Martin, na Mzee Beartla na kichupa chake. Walikuja kumchoma mjukuu wangu na hata beleshi hawakubeba. Martin aliniuliza kwa adabu langu liko wapi. Ndiyo tabia ya kwetu, mtu anakuja kukuchinja na anaomba kisu chako.

Sorcha alikuwa karibu na moto anapanga konokono wa pwani kwa ukubwa. Alipomwona Martin alinyoosha mikono abebwe, maana Martin ndiye aliyekuwa akimbeba mabegani kwenda gulioni. Martin akatazama dari. Nataka Festus asomewe mstari huo. Msomee wewe.

Nguvu sina. Martin angeniinua kama ndoo tupu. Kwa hiyo nilikwenda kulichukua beleshi mimi mwenyewe, nikalilaza mbele ya moto, nikalikalia. Halikunitosha. Nilienea nusu.

"Mnatafuta wa kilimani," nikawaambia. "Mmekosea mtu. Ni mimi."

Honora akasema niache mzaha, mambo ya moto si ya mzaha. Nikamwambia Beartla aulize, si ndiyo kazi yake. Naye akauliza, kwa kuwa mdomo wake umezoea na hauhitaji kichwa: "Wewe ndiwe Sabina, mjane wa Murty, kwa jina la Mungu?" Nikasema siye. Akauliza tena. Siye. Mara ya tatu sikujibu, nilicheka, ile sauti ya kizee ya kwenye hadithi, niliyoinoa miaka yote kwa kukuchekesha wewe. Ungekuwepo ungepiga makofi.

Wakatazamana. Desturi yao ina dawa ya asiyeweza kujibu. Ya anayejibu hawajaitunga.

Basi nikawasaidia. Nikawakumbusha wanayoyasema wao wenyewe nikiwapa kisogo: kwamba siagi yangu hushika hata joto la Julai wakati zao zinabaki maji, kwamba hakuna mtu wa kawaida anayejifundisha kusoma kwa karatasi ya chai, kwamba bahari ilimchukua Murty na kesho yake nilikuwa nakamua. Nani angewakamua ng'ombe, wao? Nikawakumbusha pia kwamba wa kilimani akiunguzwa, jamaa zake humalizia hasira zizini, na ng'ombe wa Honora alikuwa na mimba kubwa. "Mtoto huyu ni wangu," nikasema. "Atakayemgusa, siagi yake haitashika mpaka wajukuu zake waote mvi."

Beartla alikumbuka ana shughuli. Martin alitoka kinyumenyume, akagonga kichwa kwenye mlango, akaomba radhi, sijui mimi au mlango. Honora alikuwa wa mwisho. Alimtazama Sorcha na konokono zake, akasema polepole, "Mungu ambariki." Miezi yote hiyo, neno hilo lilikuwa linangoja aogope.

Sasa kanisani nina benchi zima peke yangu. Njiani wananipisha kama gari la maiti. Lakini kila Ijumaa nakuta maziwa kizingitini, na ng'ombe wa Honora alipozaa, dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza ambayo zamani walikuwa wakiyamwaga kilimani, ililetwa kwangu katika chungu. Chungu changu, kile kile. Sorcha anaipenda, ananenepa kwa sadaka ya watu wema.

Cheka ukitaka. Mimi sicheki. Nikifa hakuna atakayenibeba, watasema jenezani mna gogo lililoachwa na wa kilimani. Na nimemwokoa mtoto kwa uongo uleule uliomuua Colman, Delia. Sikuushinda. Nimeuazima tu, na unazidi kunenepa kama mtoto. Kesho kutwa atazaliwa mwingine asiyekaza shingo nyumba ya tatu kutoka hapa, nao watasema tunajua, wapo, tumemwona mmoja kwa macho yetu amekalia beleshi. Hasira hiyo sina pa kuiweka. Nimejaribu kuipiga kwenye siagi. Ndiyo maana inashika.

Nimebaki na jambo moja la kukwambia. Sorcha ana desturi ya kuweka kiganja kooni mwangu ninapozungumza. Nadhani anatafuta kilikoenda kile alichokuwa akikisikia. Juzi nilimwonyesha picha yako, ile uliyopigwa Boston ukiwa na kofia ya kuazima. Aliitazama, kisha akaweka kiganja kwenye koo lake mwenyewe, akakiacha hapo. Hakuna aliyemfundisha. Ndilo jina lako kwake. Anakuita hivyo karibu kila asubuhi, na mimi humtikisia kichwa kwamba bado.

Ukiniandikia tena usinisalimie, wala usiulize habari za goti. Andika neno moja tu. Nitaangalia linaanza na herufi gani.

Mama yako,
Sabina


Boston
24 Juni 1894

Anakula?

Mstari wa Martin nimemsomea Festus. Alikwenda kusimama nje. Safari hii sikumfuata.

Niambie kile kiganja anakiweka wapi hasa, juu ya koo au chini. Nimejaribu mwenyewe nikiimba ule wa mbuzi, na kote kunatetemeka.

Mama Sorcha