Bega la Kufa

Jumapili jioni, Westerville, kando ya Columbus. Theluji imeacha kuanguka lakini upepo bado unagonga dirisha, na mimi nimevimba kwa hasira tangu tulipotoka Buffalo. Njia nzima nilijifanya nimelala.

Nimechoka kusema, kwa hiyo naandika.

Tulialikwa na Papa Espoir, Mkongo wa Bukavu aliyefanya kazi na mume wangu ghala moja huku Columbus kabla hajahamia Buffalo. Siku hizi ana pikipiki mbili za theluji, zile zenye skii mbele na mkanda nyuma, na anazitunza kuliko gari lake. Mume wangu, Baba Salma, alipoziona macho yalimtoka. Aliwahi kuwa bodaboda Morogoro, basi nani wa kumfundisha kuendesha kitu chenye usukani?

Papa Espoir alijaribu. Alitueleza kwamba chombo chenye abiria hakisimami upesi, kwamba matuta humwumiza zaidi aliye nyuma kwa sababu hayaoni yakija, na kwamba kwenye kona abiria alalie upande ule ule wa dereva. Kisha akanigeukia mimi.

"Dada, ukiogopa umugonge ku bega, atasimama. Na ku bwawa musiende. Bon, ile barafu haiyakomaa."

Baba Salma alikuwa ameshavaa kofia ngumu. Sijui hata kama alisikia.

Habari ya bega ilinifurahisha, nakiri. Hivyo ndivyo tulivyojuana. Nilikuwa abiria wake wa kila asubuhi kwenda chuoni, na nikimgusa bega kwa ncha za vidole tu, anapunguza mwendo. Wenzangu walilalamika kwamba bodaboda wao hawasikii la mtu. Mimi nikajisifu kwamba wangu anasikia. Nilimpenda kwa hilo. Si kwa sura, anisamehe.

Msituni tulikwenda vizuri. Papa Espoir alikuwa mbele, sisi tukimfuata kwa mbali, polepole, matawi yakitumwagia theluji shingoni. Nilicheka hata. Tulipofika uwandani Papa Espoir akatuacha kidogo, na mume wangu hapendi kuachwa. Tuta la kwanza lilinirusha nikauma ulimi. Nikamgonga bega.

Akaongeza mafuta.

Mbele yetu njia ilikata kulia kulizunguka bwawa, na Papa Espoir akaifuata. Baba Salma akanyoosha moja kwa moja, juu ya barafu. Nilimgonga kwa ngumi. Nilimwita kwa jina lake, kitu ambacho sijafanya tangu tumzae Salma. Barafu ililia chini yetu, mlio mrefu, na mimi nikamwaza mtoto wangu aliyebaki jikoni kwa Mama Espoir akila maandazi.

Barafu haikuvunjika.

Hilo ndilo linaloniuma. Ingevunjika hata pale ukingoni, tukalowa miguu tu, ningekuwa na la kusema. Tulitokea ng'ambo wazima, akavua kofia, uso unang'aa. "Si umeona? Hakuna kilichotokea."

Kurudi, nilipanda nyuma ya Papa Espoir. Kwenye kona moja nilimgusa bega bila kukusudia. Akasimama palepale, akageuka kuuliza kama niko sawa. Nusura nilie, na mtu wa watu angeshangaa analiliwa nini.

Jana usiku, mezani, Baba Salma akatangaza mbele ya wenyeji wetu kwamba amekubali kazi kiwandani Jeffersontown, kitongoji cha Louisville, na kwamba mwisho wa mwezi tunahamia huko. Tunahamia! Tangu majani yanaanza kupukutika namwambia siwezi. Nimebakiza muhula mmoja nimalize unesi. Salma ndiyo kwanza amepata marafiki. Alipoona nimeacha kula akasema hata Columbus nilikuwa siitaki, tukaja, na hakuna kilichotokea.

Salma akaniuliza, kwa Kiingereza chake, kama na mimi nakwenda. Kabla sijafungua mdomo baba yake akanijibia.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Wangemjua mume wangu wangeongeza na bega.

Yuko sebuleni sasa hivi, anatafuta nyumba za Louisville kwenye simu. Ananiita nikaone jiko la moja, eti kubwa. Kesho ataanza kuulizia maboksi.

Simgongi tena. Kesho nitamwambia kama abiria yeyote anavyomwambia dereva wake: Baba Salma, shusha. Mimi na mtoto tunashukia hapa.