Ufuko Niliouchagua

Kwa mdogo wangu Kidomo,

Mimi kaka yako nimetimiza miaka themanini na moja. Nimewazika waashi wote niliojifunza nao kazi, nimewapita madaktari wawili walioniambia niache tumbaku, na ule ukuta wa shule waliosema utaanguka ungali umesimama. Walioanguka ni wao. Kwa hiyo nikisema jambo, lipokee kama neno la mtu mzima. Hujambo? Magoti yako je, na wale kuku wako wezi? Sisi huku wazima, ila nyumba imenichosha. Mistari ikipandana usinicheke, kalamu waliyoninunulia ni mbovu.

Chanzo ni safari ya pwani. Wanangu wameamua kwamba baba amejenga nusu ya mji na hajapata kuiona bahari, basi mwezi wa nane twende wote. Wazo zuri. Ningeachiwa mimi, ningekuwa nimeshaipanga kabla chai haijapoa. Lakini watoto hawa, mdogo wangu, wanapaka rangi nyumba isiyo na msingi. Mkubwa anataka ufuko wenye hoteli, apate kulala. Kitindamimba anataka kisiwani, eti kasa hupanda mchangani kutaga, kana kwamba hajawahi kuona yai. Mumewe, yule ninayemwita Bwana Ratiba, anataka hifadhi ya baharini, watu wapakiwe kwenye mashua yenye sakafu ya kioo watazame samaki chini. Nikamuuliza ni fundi gani mwenye akili timamu anayetoboa sakafu ya chombo cha majini. Akanijibu kwa adabu kwamba ni salama, mzee. Adabu yake ndiyo inayonikera zaidi.

Kila Jumapili wanakutana sebuleni kwangu, na kila Jumapili wanaondoka wamenuniana. Mimi wamenipanga kama begi: baba atakaa kivulini, baba avalishwe kofia, baba asipande ngazi. Mtu aliyepanda majukwaa ya ghorofa sita bila kamba.

Wiki iliyopita wakachoka, wakasema mzee achague mwenyewe. Si unajua kwetu, mkubwa akishanyoosha kidole, maneno yamekwisha. Wakanitandazia mezani makaratasi ya matangazo, ufuko huu, kisiwa kile. Nikainama kama mtu anayekagua tofali, nikaweka kidole kwenye mchanga mmoja mweupe, mrefu, umelala sawasawa bila shimo. Nikasema ni hapa, na sitaki ubishi.

Wakaiinamia karatasi. Kisha kitindamimba akacheka mpaka akashika ukuta. Mkubwa akanieleza polepole, kama unavyomweleza mgonjwa, kwamba karatasi ile si ya pwani, imechanganyika tu na zile nyingine, na kwamba nilichochagua ni godoro.

Mtu mwingine angerudi nyuma. Mimi nikawaambia najua kuwa ni godoro, mwenye busara huanza na pa kulala, na neno langu limeshatoka. Tangu hapo sijalegeza. Wameleta makaratasi mapya, nimekataa hata kuyagusa. Kitindamimba anasema baba anafanya kusudi kwa sababu anaogopa maji. Bwana Ratiba, maskini, alikwenda mpaka duka la magodoro kuuliza kama picha ile ilipigwa ufukoni. Kijana huyo ataniua kwa heshima. Sasa mkubwa amechoka, anasema safari iahirishwe mpaka mwakani.

Hapo kwenye mwakani ndipo nilipokwama, Kidomo, na nakwambia wewe peke yako. Kalamu si mbovu. Jicho la kushoto limeshafunga duka. La kulia linaona weupe na vivuli tu, kama mtu anayechungulia nje kupitia turubai. Barua hii naiandika kwa kupapasa, rula chini ya mstari, kama kamba ya mwashi. Niliaga nakwenda kununua tumbaku, nikaenda kwa daktari wa macho, naye akasema kilichopotea hakirudi, na kufika mwakani hata huo weupe sitakuwa nao. Watoto sijawaambia. Mimi niliyenyoosha kuta kwa jicho bila timazi, niwaambie sioni sahani yangu?

Najua umekataa kuja safarini nasi kwa sababu ya magoti. Njoo nayo hivyo hivyo. Wanangu wakijua, watanisimulia bahari kwa huruma, kila kitu kitakuwa kizuri kupita kiasi. Wewe hujawahi kunisifia bure. Wewe ndiye uliyeniambia ukuta wangu wa kwanza umepinda, nikakununia wiki nzima, na kweli ulikuwa umepinda. Kaa kando yangu uniambie bahari ilivyo. Ikiwa chafu, sema chafu. Ukikubali, nitawatangazia kwamba nimelegeza kamba kwa ajili ya magoti ya shangazi yao, na nitakwenda popote, kwa kasa, hata juu ya kioo cha Bwana Ratiba.

Nisalimie wajukuu, na kuku wako uwafungie, usije ukawafanya kisingizio.

Ukidhani ya godoro nimeyatia chumvi, muulize muuza magodoro, bado anasimulia. Ya macho anayo daktari. Lakini watu wakija kuuliza kama kweli mzee yule aliiona bahari, shahidi sina mwingine ila wewe.

Ni mimi kaka yako,
Fundi