Pale Baba Aliponyamaza

Karakana ya Kulehemu,
Nyuma ya stesheni ya mizigo.
Jumapili, tarehe 9, mwezi wa sita.

Mpendwa Kitindamimba wa mama yetu,

Pokea salamu zangu nyingi, na zikukute umekaa, maana najua wewe hukai. Hujambo? Miguu je, bado inavimba jioni? Shemeji anaendeleaje na kifua chake? Na wale wajukuu, yule mwenye kelele kama mimi, anasoma au anawasumbua walimu tu? Sisi huku ni wazima kiasi. Mimi mwenyewe ni mzima kabisa, ila meno, na hayo nitayafikia.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Binti yangu alitaka kuniandikia kwenye simu yake, nikamwambia toka hapa, mimi nilifika darasa la tatu, na darasa la tatu la wakati ule si la mchezo. Ukiona herufi zimelala, ujue ni kalamu, si mimi. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza. Humu utanisikiliza mpaka mwisho, upende usipende.

Kazi ipo. Watu siku hizi wananunua sufuria za bei rahisi, zinatoboka upesi, halafu wanamrudia nani? Mimi. Juzi juzi nimelehemu tangi la maji la zahanati, mafundi wengine walishaligusa wakaliacha linatiririka. Sasa halivuji hata tone. Muulize yeyote.

Sasa meno. Yale mawili ya mbele, ya juu, yalianza kucheza mwaka jana nikayanyamazia. Mwisho daktari wa meno akasema yatoke, pamoja na majirani zake. Nikarudi nyumbani nimeziba mdomo kwa leso na bado nalalamika. Mke wangu akasema, "Meno umeyaacha kwa daktari, maneno umerudi nayo yote." Wifi yako huyo, huruma hana.

Nilicheka naye. Kesho yake nikaichukua tarumbeta ya marehemu baba nikaiweka mdomoni, ndipo kicheko kikaniishia. Mdomo wa juu hauna pa kuegemea. Napuliza, upepo unapita tu kama tairi lenye pancha. Nimewekewa meno ya bandia, lakini nikikaza pumzi yanataka kutangulia yenyewe.

Na siku ya kuwakumbuka askari makaburini ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu.

Unajua tangu baba afariki ni mimi ninayepiga pale, ule mlio wa jioni wa kuwalaza askari. Sijakosa hata mwaka mmoja. Nimepiga nina homa. Nimepiga mvua inamwagika, kamati nzima imekimbilia kwenye kibanda cha mlinzi, tukabaki mimi na marehemu tunalowa. Hakuna mwingine angefanya hivyo, nasema wazi.

Mwaka huu kamati wamesikia habari za meno, wakamwita mwalimu wa muziki wa sekondari. Ni kijana mpole, shati limenyooshwa mpaka mikono, na tarumbeta yake inang'aa hadi unajiona. Alhamisi tulikutana makaburini tufanye mazoezi. Nikasema nianze mimi, asikie jinsi inavyopigwa. Ikatoka fyuu. Nikarudia. Fyuu. Yule mama muuza mkaa wa kwenye kamati, mdomo wake unaujua, akasema, "Mzee wetu leo anatupozea chai!" Watu wakaangua kicheko. Nikamjibu, "Chai yako wewe haina haja ya kupozwa, mkaa wote unauza, jiko lako halijawahi kuwaka." Wakacheka zaidi, safari hii wakamcheka yeye. Lakini ndani nilikuwa nimekwisha, mdogo wangu.

Basi akapiga mwalimu. Nitasema ukweli, kijana anapiga. Sauti safi, pumzi ndefu. Ila alipita moja kwa moja tangu mwanzo hadi mwisho. Pale pa baba hakusimama.

Nikamwambia, "Mwalimu, umeruka."

"Nimeruka nini, mzee?"

"Kimya."

Akaitazama karatasi yake. "Hapa hakuna kimya, mzee wangu. Ninavyousoma unakwenda mfululizo."

"Hiyo karatasi yako ilikwenda vitani?"

Hakukasirika. Angekasirika ningemweza. Alikunja karatasi akasema taratibu, "Mimi sibishani na marehemu baba yako, mzee. Nauliza tu, nani mwingine alimsikia akipiga hivyo?"

Swali hilo nimerudi nalo karakana, ninalo mpaka leo.

Habari yenyewe nimeisimulia pale makaburini kila mwaka, hata watoto wa mtaani wanaijua, lakini sina hakika kama wewe umewahi kuisikia, maana huji. Baba alikuwa mpiga tarumbeta wa kikosi. Baba mdogo alikuwa mbeba mizigo, na wabeba mizigo walilazwa mbali, nje ya waya wa kambi. Ndugu wawili, vita vimoja, hawakuwa wanaonana. Kila jioni baba alipopiga mlio wa kuwalaza, alifika mahali fulani akashusha tarumbeta kidogo, na baba mdogo akamjibu kwa mluzi kutoka huko aliko. Ndivyo alivyojua mdogo wake bado yuko. Jioni moja akashusha, mluzi haukuja. Wala haukuja tena. Lakini baba aliendelea kuiacha ile nafasi hadi anaingia kaburini.

Lile jiwe la makaburini lina majina ya askari. Baba mdogo hayumo, wabeba mizigo hawakuandikwa. Kaburi hana. Picha hana. Mtoto hakuacha. Ana ile nafasi tu, ile ya kuvuta pumzi mara moja. Mwalimu akiipita, basi, ni kama baba mdogo hakuzaliwa.

Sasa nakuambia jambo ambalo hata wifi yako sijamwambia. Hadithi zote za baba za vita nakumbuka alikuwa wapi akinisimulia. Ile ya nyumbu aliyezama na mizigo, alikuwa kizingitini anapaka viatu rangi. Ile ya koplo aliyekula sabuni akidhani ni jibini, alikuwa ananinyoa, akacheka akanikata sikio, alama ninayo. Hii ya mluzi namtafuta baba alikuwa wapi, simwoni. Ninayemwona ni mzee mmoja, mgeni, mwaka wa kwanza nilipopiga mwenyewe, ananiuliza mbona ulikatisha pale katikati. Nami najisikia nikimjibu.

Je, nilimjibu nilichoambiwa na baba? Au pumzi ilinikatika, nikatafuta la kusema, nikalipenda, nikalisema mwaka hadi mwaka mpaka likawa la baba? Baba mdogo kweli alikuwepo na kweli hakurudi, hilo shangazi alituambia sote. Lakini mluzi? Nimekaa karakana siku tatu sufuria za watu ziko chini, sijazigusa, najiuliza hilo. Sijui. Na wewe unajua mimi ni mtu wa kujua.

Masikio yangu yamejaa mlio wangu mwenyewe, siwezi tena kuyaamini. Mwingine aliyebaki aliyemsikia baba akipiga ni wewe peke yako. Ulikuwa unasikiliza nyuma ya nyumba ukiosha vyombo, mpaka siku ile ukaichukua ukapiga, majirani wakadhani ni mzee mwenyewe. Baba alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilisema tarumbeta si ya mtoto wa kike, na yale ya kwenye mazishi ya baba, ya nani apige, tusiyaguse, maana nitayasema tena na wewe utanuna tena. Ila binti yako ameniambia bado unapiga kwenye bendi ya kiwanda, na meno yako yote unayo. Hongera.

Njoo upige wewe. Kamati nimeshawaambia unakuja, kwa hiyo usiniangushe. Mwalimu amefurahi. Amesema utakavyopiga ndivyo atakavyoandika, na ndivyo atakavyowafundisha wanafunzi wake, hata sisi tukishaondoka. Tarumbeta nimeisugua, na ule ufa wa shingoni nimeulehemu vizuri, hakuna pa kuvuja. Utalala chumba cha mama, kitanda kimetandikwa.

Ile nafasi iko mahali gani, sikutajii. Usiandike kuniuliza, na usimuulize mwalimu. Simama mbele ya jiwe upige kama masikio yako yanavyomkumbuka baba. Kama alikuwa akishusha, mkono wako utashuka wenyewe. Kama hakuwahi kushusha, utapita moja kwa moja mpaka mwisho, mbele ya watu wote walioisikia hadithi yangu miaka yote hii, na mama mkaa akiwemo.

Mimi nitakuwa hapo ubavuni kwako. Usinitazame. Usinionee huruma, usijaribu kunifichia. Ukipita, sitasema neno. Unanijua, unajua kwangu hiyo ni kazi kiasi gani.

Nisalimie sana shemeji, mwambie apunguze sigara. Msalimie binti yako, na yule mjukuu mwenye kelele, na jirani yako fundi cherehani aliyenishonea suruali ikanibana. Wifi yako anakusalimu, anasema uje na viatu vya kufunga, makaburini kuna matope. Mungu akushike mkono njia nzima, akufikishe kwetu na pumzi zako zote.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata ukinuna,

Kifungua Mimba