Uwani Kuna Wenyewe

Jumapili, 9 Februari

Amerudi. Safari hii si likizo – kastaafu! Kashusha masanduku, redio na viatu vyake vya saiti vyenye matope makavu, kavipanga sebuleni kwangu. Miaka yote ya ndoa yetu alikuwa huko mbali akisimamia ujenzi. Anakuja, anakula, anasifiwa, anaondoka. Sasa mgeni kahamia.

Hata kuoga hajaoga, katoka uwani kukagua. Akawaona kuku wangu wa silki. Akauliza hawa ni kuku au sungura. Nikamwambia ni kuku, na wana majina. Akacheka mpaka akashika ukuta.

Acheke. Manyoya yao ni pamba tupu, kuruka hawawezi, lakini nimeishi nao zaidi kuliko nilivyoishi na yeye.

Jumatano, 12 Februari

Anaamka alfajiri, hana wa kumwamrisha. Leo kapima milango yote kwa futikamba. Eti wa jikoni umepinda. Nimemwambia umepinda tangu binti yetu hajaota meno, na tunapita.

Kisha akataka kuwapanga kuku. Jamani! Wakili akamsomea mashtaka – yule kuku mwekundu, ukisogeza chombo chake cha maji hata kidogo hanyamazi mpaka ukirudishe. Jenerali, jogoo wetu, kuona mtu mrefu tu, mbio nyuma ya Yaya. Yaya naye hakuinuka, ana kazi: kaatamia kitunguu. Wiki iliyopita vilikuwa vifungo vya koti nililokuwa namshonea mteja. Yaya hachagui mtoto.

Aliyemwendea ni Bibi Harusi peke yake. Mweupe pe, kishungi kimemfunika macho, kwake kila mtu ni ndugu. Akapanda juu ya kiatu cha Msimamizi (humu nitamwita hivyo) akajikalia. Baba mzima kasimama kama nguzo, hathubutu kusogeza mguu. Nikamwona anatabasamu. Nikajifanya nahesabu pini.

Ijumaa, 14 Februari

Uwani patamwagwa zege! Gari lake linataka pa kulala. Na kuku? Eti watafutiwe pengine. Nikamuuliza kama gari nalo lina jina. Hakucheka.

Kasema nyumba hii kaijenga yeye. Yeye! Aliyegombana na mafundi juani, mtoto mgongoni, alikuwa nani? Aliyewaambia bomoeni ukuta huu mwanzo mpaka mwisho, muujenge tena? Anasimamia majumba ya watu, la kwake kalisimamia kwa simu.

Nilishona. Sare za shule hazingoji ugomvi uishe.

Jumapili, 16 Februari

Sitaki kuandika. Naandika.

Nilitoka kupeleka sare. Huku nyuma alialika wenzake wa kazi ya zamani. Niliporudi, manyoya meupe chini ya bomba. Nilijua kabla sijauliza.

Nikauliza hata hivyo. Kwa nini huyo? Akasema wengine walikimbia. Huyu alikuja mwenyewe.

Alikuja mwenyewe.

Hakujua kuku hawa walivyo ndani. Ngozi nyeusi, nyama nyeusi, mpaka mifupa. Wageni walifunua sufuria wakaifunika. Mmoja akakumbuka ana mgonjwa wa kumwona. Mwingine eti daktari kamkataza nyama – tangu lini, na tumbo lile! Wakaaga wote. Msimamizi kabaki na sufuria yake, ananiuliza kuku alikuwa na ugonjwa gani.

Nikamwambia hakuwa na ugonjwa. Ndivyo alivyoumbwa. Weupe wake ulikuwa wa kila mtu, weusi wake ulikuwa wake, na wewe umemfunua mbele ya wageni wakamkataa.

Nimefukia sufuria nzima. Na mfuniko.

Jumanne, 18 Februari

Nimehamia stoo. Mlango wake unafungukia uwani, hewa safi. Kitanda cha kukunja, cherehani, mimi. Sipiki. Jiko analijua lilipo.

Binti yetu kapiga simu. Mama, yote haya kwa ajili ya kuku? Nikamwambia si kuku, mwanangu. Kisha akasema baba kapika uji ukashika chini, akampigia kumuuliza uji unaokolewaje. Nikacheka. Sikutaka kucheka!

Mke wa fundi saa, jirani yangu, kaleta ushauri juu ya ukuta. Mume ni mume, kuku ni kitoweo, niombe radhi yaishe. Yaishe yapi, shoga yangu? Ndiyo kwanza yanaanza.

Alhamisi, 20 Februari

Tangu Jumapili Wakili hajamsamehe Msimamizi. Akitoka mlangoni tu, anaye nyuma, kelele mpaka chooni, kelele kurudi. Leo nimechungulia dirishani: Msimamizi kachuchumaa, anamjibu! "Nimesikia. Nimesikia, bwana. Basi."

Mimi sijasikilizwa hata nusu ya hapo.

Akaja akasimama nje ya dirisha langu.

"Mke wangu, sikujua."

"Hukuuliza."

Sura imemchoka. Nyumbani hapa hajui hata chumvi inakaa wapi – hilo nalo nimeliona, si kipofu. Kisha akaharibu! Eti mafundi wanakuja Jumatatu, keshaongea nao, mwanamume harudishi neno lake. Nikafunga dirisha. Kwa mafundi neno halirudi. Kwangu mimi alisema akistaafu tutakaa pamoja tuzungumze. Hilo limekwenda wapi?

Jumatatu, 24 Februari

Wamekuja. Mchanga umemwagwa, kokoto zimemwagwa, saruji imeegemezwa ukutani. Nimebeba cherehani mwenyewe, nimeiweka katikati ya uwani. Pale pale. Yaya kajikunja chini ya meza, Jenerali kajificha nyuma ya sketi yangu, Wakili anawahoji vibarua mmoja mmoja. Jirani kapanda kitu, naona kichwa chake juu ya ukuta. Atazame.

Msimamizi kaingia na pima maji yake ya ujenzi mkononi. Kaonyesha kwa kidole: anzieni hapa, malizieni kule. Sauti ya saiti. Sikuinuka. Nikaingiza kola chini ya sindano, nikakanyaga.

Fundi wa zege – sijamwona maishani – kaegemea koleo lake. Kaangalia cherehani. Kaangalia kuku. Kampita Msimamizi, kaja mpaka mezani.

"Mama, tuanze?"

Kaniuliza mimi!

Msimamizi kashusha pima maji chini, taratibu, kanigeukia. Na yeye anangoja nitasemaje.

Naandika haya juu ya goti, wote wamesimama. Nimewaambia wasubiri. Kola hii bado haijakaa sawa.