Vidole vya Mama kwenye Wimbo wa Sita

Jumamosi, saa nane mchana. Mlima Kwaraa umejifunika mawingu tangu asubuhi, na mimi nimekaa chumbani na sweta la shule kama niko darasani.

Sijawahi kumwambia mtu hili: mimi naimba.

Sisemi kuitikia nikiwa nimejificha katikati ya wenzangu. Naimbisha. Mama akienda dukani kwake, nafunga mlango, naweka DVD ya kwaya yao ya zamani, napunguza sauti ya TV mpaka inakuwa kama ya mbu. Wimbo wa sita ndio anaoimbisha yeye. Naimba sehemu yake yote, na pale anapovuta pumzi na mimi navuta. Wiki iliyopita mwalimu wa kwaya ya vijana aliniambia, "Naomi, Jumapili utatuimbishia ule wa mama yako." Nikasema koo linaniuma.

Koo haliniumi.

Akasema sawa, jibu la mwisho nimpe leo kwenye mazoezi, saa kumi.

Kwa nini Jumapili? Kwa sababu wanakwaya wa zamani, wale walioimba na Mama kabla sijazaliwa, wanakuja kusali na sisi, halafu watakuja nyumbani kula na kuangalia hiyo DVD. Na DVD inakufa. Deki yetu ikifika wimbo wa tano inaanza kuguna, na siku nyingine inakwama kabisa. Laptop aliyoniachia kaka bado inaisoma, polepole, kwa hiyo nilimwambia Mama nitatengeneza nakala. Nilisema bila hata kusitasita. Shida ya mtu anayeongea mara chache ni hiyo, akisema kitu watu wanakiamini.

Nilichokuwa sijui ni kwamba ile diski ni ya aina kubwa, ina GB saba. Diski tupu zinazouzwa hapa mjini zinabeba nne na kidogo. Ndani mna nyimbo kumi na mbili, historia ya kwaya, na safari yao nzima wakila mahindi kwenye basi. Jumla ni video ya karibu saa mbili. Lazima kuibana, ipungue ukubwa.

Alhamisi nikaibana. Nilitaka kutenda haki, nikagawa sawasawa: kila sekunde, data kiasi kilekile. Nikaipeleka kwa Dada Pendo mwenye steshenari kule Bagara, anayewarekodia watu nyimbo kwenye flashi, anitazamie kwenye TV yake. Ulipofika wimbo wa sita alicheka mpaka akashika kaunta.

"Heh! Bubu wangu, mama yako umemfanya tofali."

Kweli. Uso wa Mama ulikuwa vipande vya mraba, kama sakafu ya benki. Machozi yalinilengalenga, na yeye akaona.

"Usinililie hapa, wateja watasema nimekupiga. Niambie, nyuma yao kuna nini?"

"Ziwa."

"Basi mlaji ndiye huyo."

Akanieleza vizuri kuliko mwalimu yeyote aliyewahi kunifundisha kompyuta, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Kitu kisichosogea, video haikichori upya. Ukuta haugharimu kitu. Lakini maji yakipigwa na upepo, kila kiwimbi ni kipya, na matete nayo yanatikisika, yote yanadai data. Kile kiasi cha kila sekunde ndicho kinaitwa bitrate. Mimi niligawa sawa, na Ziwa Babati likala fungu la Mama.

"Wapiga picha wa kwaya na maji yao," alisema Dada Pendo. "Sijui nani aliwaambia Mungu hasikii mtu akiimba mbele ya ukuta."

Akanionyesha njia nyingine, ya kupita mara mbili. Mara ya kwanza kompyuta haiandiki chochote. Inaangalia tu, kuanzia mwanzo hadi mwisho, inakumbuka wapi pana vurugu na wapi pametulia. Mara ya pili ndipo inagawa. Tena unaweza kuiambia mwenyewe: hapa ongeza, pale punguza.

Nimeipenda hiyo njia kuliko ninavyoweza kueleza. Mashine inayokaa kimya saa nzima ikitazama, na wala hakuna anayeiambia changamka! Nami nilikaa jana nikiiangalia inavyoangalia. Nilipunguza kwenye historia ya kwaya, kwa sababu mwenyekiti ameketi tuli kwenye kochi dakika kumi na nane. Nilipunguza kwenye maua yanayoruka pale mwanzoni. Safari ya basi niliibana kidogo, mahindi yamebaki mahindi. Vyote nilivyookoa nikaupa wimbo wa sita.

Leo asubuhi nikaweka ya zamani na mpya kando kwa kando, nikawa nasogeza picha moja moja. Maelekezo ya programu yanasema ukibana video, kinachotupwa ni vile vitu vidogo ambavyo jicho halitagundua kuwa havipo. Nilitaka kuhakikisha.

Ndipo nikaona mkono.

Mama yuko mbele, hatua moja nje ya mstari, anacheka na kamera kama ameimbisha tangu tumboni. Safu inageuka, nusu sekunde tu, na mkono wake wa kushoto unaonekana nyuma ya mgongo. Umeshika sketi ya Mama Danieli aliyesimama nyuma yake. Siyo kuigusa tu. Ameikamata, kitambaa kimekunjamana chote, vidole vimekaza. Kwenye TV yetu sijawahi kuviona. Kwenye nakala yangu ya Alhamisi hapo palikuwa na doa la kijani. Kwenye hii ya leo vidole vipo, vyote vitano, nimevihesabu.

Mama alikuwa anaogopa.

Mama yangu, ambaye nimekuwa nikidhani alizaliwa na kitu ambacho mimi nilinyimwa. Aliogopa hivyo, na sauti haikutikisika hata mahali pamoja. Naijua, nimeifuata pumzi kwa pumzi. Nimerudia hiyo nusu sekunde sijui mara ngapi. Sijawahi kumpenda mtu kiasi hiki kwa sababu ya vidole.

Sasa najiuliza, Naomi, kesho utashika sketi ya nani?

Nadhani ya Rehema. Yeye husimama nyuma yangu na hapendi kuuliza maswali. Mwalimu nitamwambia ndiyo, kabla sijapata muda wa kufikiri.

Saa tisa na nusu. Nasikia ndala za Mama zinakuja, atauliza kama naenda mazoezini. Kila siku zikifika karibu na mlango huu nafunga laptop na kushika daftari la Baiolojia. Maandishi haya yako upande mmoja wa skrini, na upande wa pili nimesimamisha ile picha, mkono na sketi.

Anabisha. Daftari liko mezani, sijalishika.

"Karibu, Mama."