Saa Tatu ya Sista Nyemo

Jumatatu, 9 Juni

Safu ya muda kwenye mfumo wa miadi imekataa tena. Asubuhi nzima. Sista Nyemo wa mapokezi huandika miadi ya wagonjwa kwa maneno: "3:00 asubuhi", "8:00 mchana". Kanzidata haitaki maneno, inataka saa. Kila nikiiamuru igeuze, inanitemea kosa. Vumbi la hapa Nzuguni limejaa kwenye kibodi, umeme umekatika mara mbili.

Daktari bingwa wa macho anakuja Alhamisi, siku hiyo moja tu, kisha hatumwoni kwa miezi mitatu. Meseji za kuwakumbusha wagonjwa lazima zitoke kesho. Zamani Sista alimpigia simu kila mgonjwa, mmoja mmoja. Nilimwahidi katibu wa kituo cha afya kwamba mambo hayo yamekwisha.

Jumanne, 10 Juni

Imekubali! Nimekata maneno yote, nikabakiza tarakimu. Zikatokea saa za ajabu: 02:30, 03:00. Nani anatibiwa macho usiku wa manane? Nikaweka sharti: chochote chini ya saba, jumlisha kumi na mbili. Sasa zote zimeangukia saa za kazi. Safu ya zamani nimeifuta, jedwali lipendeze. Meseji zenyewe zinarudisha saa kwenye Kiswahili kabla ya kutoka, hata hilo nimelifikiria.

Sista alitaka azipitie kwanza. Nikamwambia apumzike, mashine haikosei. Katibu kanisifia mbele ya watu wote. Nimetembea kifua mbele hadi nyumbani.

Alhamisi, 12 Juni

Aibu.

Asubuhi walikuja wachache, kisha benchi likabaki tupu. Daktari alikaa anachezea kalamu. Saa nane akaondoka, anasubiriwa Singida. Nusu saa baadaye wagonjwa wamefurika mlangoni.

Bibi Hadija ametoka mbali, Kolo. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Binti yake alimshika mkono, akamwonyesha katibu simu: saa tisa alasiri. Katibu akafungua mfumo: 15:00. Akatazama aliyeingiza: Sista Nyemo. Akamgeukia, akamfokea pale pale mbele ya wagonjwa.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale. Nilishajua. Nilijua nilipoiona ile simu tu. Saa tatu ya Sista ni saa tatu ya asubuhi, ambayo kwa mashine ni tisa. Ilitakiwa nijumlishe sita, nikajumlisha kumi na mbili. Mimi, mzaliwa wa Zuzu, niliyekuwa nakimbia shule saa moja asubuhi kila siku ya Mungu! Kiswahili nilikikumbuka wakati wa kutoa meseji. Wakati wa kuingiza nikajifanya Mzungu.

Sikufungua mdomo.

Ijumaa, 13 Juni

Sista kapewa barua ya kujieleza. Ajibu hadi Jumatatu. Anadaiwa kuingiza saa za uongo. Hana cha kuonyesha, maneno yake niliyafuta.

Ila nina nakala kwenye laptop, niliyoihifadhi kabla ya kuchezea. Nimeifungua leo. "Hadija, Kolo. 3:00 asubuhi." Nimepitia mstari kwa mstari. Hakukosea hata mmoja.

Mkataba wangu unaisha Septemba. Ndicho ninachokiwaza. Nimekiandika hapa ili nisijidanganye.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani sikwenda. Mama kanipigia, nikamwambia naumwa. Mwoga na mwongo.

Jumatatu, 16 Juni

Nilimkuta Sista mezani anaandika majibu yake kwa mkono. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akasema bila kuniangalia, "Labda ni uzee, mwanangu. Labda niliandika alasiri nikidhani asubuhi."

Anastaafu mwakani. Anaomba radhi kwa kosa langu, tena ameshaliamini. Angenitukana, isingeniuma hivi.

Nikachapisha nakala, nikaingia kwa katibu. Alisoma kurasa zote, akaniuliza swali moja tu: nimejua tangu lini? Nikasema Alhamisi. Nimetoka na barua yangu. Ya Sista imechanwa.

Nilimweleza Sista kila kitu mwenyewe, nikapiga magoti hapo hapo mapokezi. Akasema, "Inuka, watu wanapita."

Jumatano, 18 Juni

Nimepiga simu siku nzima. Ndiyo amri ya katibu: kila mgonjwa aliyekosa daktari aombwe radhi na mimi, kwa sauti yangu, apewe miadi ya Septemba. Wengine wamenifokea, haki yao.

Bibi Hadija alipewa simu na mjukuu. Nikasema shikamoo bibi, nikajitambulisha, nikamwambia mimi ndiye niliyeharibu. Akacheka. Alijua saa tisa si saa ya kutibiwa, alimwambia binti yake, lakini nani atabishana na simu ya hospitali? Akanishukuru kwa kumkumbuka. Akaniombea dua mpaka nikaweka simu mbali na sikio, sikuweza kuisikiliza.

Safu ya maneno nimeirudisha kama ilivyokuwa. Sharti jipya linasoma kwanza asubuhi, mchana au alasiri, ndipo linagusa tarakimu.

Ijumaa, 20 Juni

Siku tulivu. Upepo mwingi, wagonjwa wachache.

Meza yangu imehamishiwa mapokezi, kando ya Sista Nyemo. Tunasalimiana. Kazi inakwenda.

Nimeona kitu. Akishaandika miadi, anaisoma. Anaisoma tena kwa sauti ya chini, kidole kikiwa kwenye kioo cha kompyuta. Kisha anamwita mhudumu aliye karibu amsomee. Zamani hakuwa hivyo, aliandika huku anapiga soga na wagonjwa.

Leo kamwita mhudumu mara nne. Mara zote nne alikuwa sahihi.