Ombi la Uamuzi Kuhusu Gari la Safu Tatu

Kwako mke wangu mpendwa, Mama Hidaya, uliye nyumbani kwako Hombo, Mutsamudu,

Baada ya salamu zinazokustahiki, na baada ya kumwombea afya mama yako, ambaye najua atasomewa barua hii neno kwa neno, naeleza madhumuni yangu bila kuzunguka. Nakuandikia kukujulisha kwamba limepatikana gari linalofaa kwa familia yetu, lenye mahali imara pa kufungia viti viwili vya watoto, na kwamba siwezi kulichukua wala kuliacha mpaka uamuzi wako unifikie.

Barua haina bahasha. Nimemkabidhi Kombo, fundi wa magari wa hapa Magoudjou, Moroni, anayekuja huko kutengeneza mashine ya kusaga, nami nimemruhusu aisome njiani. Mengi yaliyomo aliyaona kwa macho yake, na palipotiwa chumvi atakuonyesha.

Nimeiandika kwa Kiswahili, lugha uliyokuja nayo kutoka Unguja ulikokulia na niliyojifundisha mimi kwa kunakili barua za wafanyabiashara. Shingazidja changu, lugha ya hapa, kilikuchekesha, Shindzuani cha mama yako, lugha ya huko, kilinipita, tukakutana sisi wawili katika lugha ambayo majirani waliisikia ukutani bila kuifuata. Ulikuwa ukiniambia, "Baba Hidaya, unaniomba chumvi kama mtu anayeomba kibali cha kujenga." Siku hizi sina wa kumwomba chumvi. Naichukua mwenyewe, nayo chakula hakikolei.

Kuhusu viti, naomba nikurejeshe kwenye siku tuliyotoka sokoni kwa teksi, wewe ukiwa na mimba changa, Hidaya akiwa mapajani mwako, mimi nikiwa nimebanwa na mama mmoja mwenye kikapu cha samaki. Mlango wa upande wako ulikuwa umefungwa kwa kamba. Kwenye kona ya kuingilia Magoudjou kamba ikaachia, mlango ukafunguka, na Hidaya akateleza kutoka mapajani mwako kama kitambaa cha hariri. Ulimkamata kwa gauni. Nakumbuka sauti ya mshono ukikatika, na miguu yake miwili ikiwa nje juu ya barabara. Dereva aliuliza, "Ameanguka au hajaanguka?" Ulipomjibu kuwa hajaanguka, akasema, "Basi shika mlango, Bweni," yaani bibi, akaendelea kuendesha.

Tulifika nyumbani. Ulikaa kitandani, Hidaya amelala kifuani mwako, ukasema, "Mwalimu yule mgeni anamfunga mwanawe kwenye gari. Mimi wangu nimemfunga kwa mkono." Ulimkusudia yule mwalimu wa kike aliyekuwa akipita chini ya dirisha letu kila asubuhi, mwanawe amekaa nyuma ndani ya kiti kidogo cha chuma na kitambaa, chenye kulabu mbili za kuning'inizwa kwenye mgongo wa kiti kikubwa, na mkanda wa ngozi tumboni. Hidaya alikuwa akimpungia mkono, na yule mtoto, kwa kuwa amefungwa, akimrudishia kwa vidole tu.

Mimba ilipokua, ulikwenda kwa mama yako kujifungua, kama ilivyo ada, nami nilikusindikiza hadi bandarini. Hapo ulinena maneno ambayo nimeyahifadhi kama yalivyotoka. Ulisema, "Siku utakapokuwa na mahali pa kutuketisha, tuite." Halafu ukapanda chomboni, na Hidaya akapunga kwa vidole tu, akimwigiza mtoto wa mwalimu.

Sikuhitaji kuuliza ulikuwa na maana gani. Mjomba wangu alikwisha kuja chumbani kwetu mara nyingi kuzungumzia anda, ile harusi kubwa ambayo kila mwanamume wa huku huiwekea akiba tangu ujana, nayo haifanywi ila na binti wa mji wake. Alizungumza mbele yako, akijua unaelewa nusu, na ile nusu ilitosha. Ulikuwa mke wangu kwa sheria ya Mwenyezi Mungu, lakini katika hesabu ya mjomba ulikuwa mgeni anayesubiri kumpisha mwingine. Ulimpa chai, ukaenda kufua.

Mwanetu Athumani alizaliwa huko Hombo, nikaja nikamwona siku chache, amefumba macho karibu muda wote, kisha ukarani wangu wa ghala la vanila ukaniita kazini. Tangu wakati huo nimerudi kila jioni katika chumba ambacho sauti pekee ni ya redio ya jirani. Nimezoea kuweka vikombe viwili. Kimoja nakirudisha kikiwa kikavu.

Sasa naja kwenye jambo ambalo naomba ulisikilize kwa makini, na mama yako pia. Mwalimu yule aliuza viti vya mwanawe kabla hajafikiria kuuza gari, kwa kuwa mtoto alikuwa amekua. Alikuwa navyo viwili, cha pili kikiwa cha mdogo wa mtoto huyo, ambaye naye sasa anakaa mbele. Nilivinunua vyote siku hiyohiyo, kwa fedha ya kwanza niliyoichota katika akiba ya anda. Gari sikuwa nalo. Nilivining'iniza ukutani kwa misumari, mkabala na kitanda. Bi Sitina, jirani yetu, alipochungulia aliuliza, "Karani, hao watakaokaa hapo wamekwenda wapi?" Nilimjibu kwamba wamesafiri kwa muda. Akasema, "Na gari nalo limesafiri?"

Baadaye ndipo vijana wa kamati walipopita Magoudjou na kipaza sauti, wakatangaza kuwa serikali mpya imezifuta harusi kubwa, dhahabu zake na karamu zake. Wazee walikuwa wamekaa uwanjani, kila mmoja mahali pake. Unajua utaratibu wetu: waliofanya anda wana viti vyao vya mbele, na ambaye hajafanya huitwa mtoto wa mji hata akiwa na mvi, naye husimama nyuma. Mjomba aliinuka, akakung'uta joho lake, akaketi tena palepale.

Nimekupangia mambo haya kwa mfuatano kwa sababu moja. Utasema, au mama yako atasema kwa niaba yako, kwamba nimekuchagua kwa kuwa nimekatazwa kuchagua mwingine. Haikuwa hivyo. Viti vilikuwa ukutani kabla ya kipaza sauti. Bi Sitina ni shahidi, na Kombo ni shahidi wa pili, kwani ndiye aliyenipa misumari.

Nilianza kutafuta gari Kombo akiwa mshauri wangu. Wageni wa Kizungu walikuwa wakiondoka baada ya serikali kubadilika, mmoja baada ya mwingine, na magari yao yalisimama mbele ya nyumba zilizofungwa madirisha. La kwanza lilikuwa gari dogo ambalo gia yake huvutwa kutoka kwenye dashibodi kama mpini wa mwavuli. Nilifika na viti vyangu, kimoja kila mkono. Nilipotundika kulabu, mgongo wote wa kiti cha nyuma uliinama mbele, kwa kuwa umetengenezwa ukunjwe kwa ajili ya mizigo. Kombo alisema, "Hili likifunga breki, watoto watasujudu." Tukaliacha.

La pili lilikuwa la turubai, lenye mabenchi ya mbao kila upande. Kulabu zilikaa vizuri, lakini mtoto angesafiri ubavu ubavu kama kuku wa sokoni. Muuzaji, mfanyabiashara mmoja wa mjini, aliniona nikipima kwa fimbo yangu akapoteza subira. "Bwana Karani, unanunua gari au unanunua viti?"

"Viti ninavyo," nikamjibu. "Natafuta gari la kuvistahili."

"Basi nenda Magoudjou ukavipakie kwenye mkokoteni," akasema, na Kombo akacheka, msaliti yule, mpaka akashika goti.

Haikupita muda, yule mwalimu naye akapata taarifa ya kuondoka. Gari lake ni refu, la safu tatu. Mgongo wa safu ya kati umesimama imara, hauinami, na katika kitambaa chake bado kuna jozi mbili za alama za kulabu, kila upande jozi moja, kama alama anazoacha mtu aliyezoea kuegemea mahali. Nilivitundika viti vyetu. Viliingia katika alama zao bila kusukumwa. Katikati ya viti hivyo imebaki nafasi, na nilikaa mimi kuipima, mabega yangu yakigusa kuta za vile viti pande zote mbili. Wewe u mwembamba kuliko mimi. Utakaa hapo, mkono mmoja kwa Hidaya na mmoja kwa Athumani, na hakuna atakayehitaji kushika mlango. Mama yako atakaa mbele, karibu na dereva, mahali pa heshima. Hili nalitamka waziwazi ili asomewe mara mbili.

Nilitaka kuthibitisha, nikamwomba Bi Sitina anikopeshe binti yake, Mariamu, aliyezaliwa mwezi mmoja na Hidaya wetu. Nilimnyanyua nikamweka kitini. Magoti yake yalipanda mpaka kidevuni. Mkanda haukufika. Alinitazama kwa adabu, kama mtoto anayejaribu kutomwaibisha mtu mzima, akasema, "Ba Hidaya, hiki ni cha mtoto."

Nilimshusha. Nilimweka tena, nikidhani amekaa vibaya, nikamshusha tena. Kombo, ambaye ana neno kwa kila jambo, alijifanya anakagua tairi. Mke wangu, nilikuwa nimetembea mji mzima na viti viwili nikipima kila kitu isipokuwa kimoja. Akilini mwangu Hidaya alikuwa bado ana miguu ile miwili midogo niliyoiona nje ya mlango wa teksi. Nilikuwa nikimtafutia gari mtoto ambaye hayupo tena. Kiti chake sasa kinamfaa Athumani. Na kile cha Athumani, sijui. Sijui kama anakaa, au anasimama, au anaitikia jina lake. Niliketi katika ile nafasi ya katikati, kati ya viti vitupu, mpaka mwalimu akaja kuniuliza kama naumwa.

Kombo alinirudisha nyumbani kwa miguu. Njiani akasema, "Ndugu yangu, hata kama vingemtosha. Yeye yuko ng'ambo ya bahari, Nzwani. Gari hili halielei."

Mjomba alipata habari kabla sijamwambia. Aliniita uwanjani mbele ya wenzake. Alisema anda haifutwi na kipaza sauti, vijana watachoka, mambo yatarudi, na siku hiyo akiba yangu itakuwa imekwisha kuwa chuma na mpira. "Watu watakapoketi," akaniuliza, "wewe utakaa wapi?"

"Nitakaa usukani, Mjomba."

"Utabaki mtoto."

Mjomba akatikisa kichwa, akasema, "Basi tafuta na kiti cha tatu, ujifunge mwenyewe." Wazee walicheka, naye alicheka, lakini macho yake hayakuwa na kicheko. Alinilea yule mzee. Aliponishika bega alinishika muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Tangu siku hiyo nikipita uwanjani nasimama nyuma, na najua kwamba huenda nikasimama huko mpaka nizikwe. Nakueleza ili ujue nilichokiweka kando, na kwamba nimekiweka kando nikiwa na akili timamu.

Katika upweke huu hunijia barabara ya Patsy, huko kisiwani kwenu. Tulipanda kwa miguu kwenda kuona shamba la karafuu la marehemu baba yako, Hidaya mgongoni mwangu, jua kali, nawe ulitangulia ukiwa umeshika viatu mkononi. Kwenye mwinuko wa mwisho uligeuka ukasema, "Watoto wetu watafika hapa wakiwa hawajatoka jasho." Nilikujibu kwamba pendekezo lako limepokelewa na litashughulikiwa. Ulicheka mpaka ukaketi chini. Kicheko kile ndicho ninachokikosa kuliko chakula.

Kwa hiyo naweka mbele yako mambo matatu. La kwanza, mrudi Moroni, nami nije kuwapokea bandarini kwa gari hilo. La pili, gari lipakiwe melini kwa kamba, lije Mutsamudu, nami nilifuate, niingie nyumbani kwako Hombo kama mume anavyoingia nyumbani kwa mkewe, na kazi nitaitafuta hukohuko. Barabara ya Patsy ipo. La tatu sitaki kuliandika, lakini mwombaji mwaminifu haachi kifungu: nimwambie mwalimu amuuzie yule mfanyabiashara wa turubai, ambaye amekwisha kusema kwamba ataing'oa safu ya kati apakie ndizi.

Kwa upande wangu, lolote kati ya mawili ya mwanzo nitalipokea kwa furaha iliyo sawa. Mahali pa kuwaketisha ninapo. Mwalimu ataningojea mpaka Kombo arudi, kisha meli yake itaondoka.

Naomba pia umpe Kombo uzi uliopimwa kutoka nyonga ya Hidaya hadi gotini, na mwingine wa Athumani wenye fundo, ili zisichanganywe. Seremala wa hapa atamtengenezea Hidaya kiti cha mbao kwa kipimo chake cha sasa, popote mtakapokuwa.

Naomba uamuzi wako.

Mimi ninayekungoja,
Mumeo, baba wa Hidaya na Athumani
Magoudjou, Moroni